Nyama ya Kupachikwa

Daktari wa kupachika nyama hana maneno mengi. Kila saa huja kitandani kwa Mahfudha, muuza vitenge wa soko la Kikuubo ambaye lori lilimchuna mguu, akabonyeza kwa kidole gumba ile nyama aliyoitoa pajani na kuishonea kwenye muundi. Midomo huhesabu kimya mpaka rangi irudi. Mahfudha huujua mfuko wa mteja kwa kumtazama usoni tu, lakini uso wa daktari huyu umemshinda. Leo asubuhi nyama imevimba, imekuwa rangi ya zambarau.

“Damu inaingia, Hajati, ila haitoki. Ikikaa hivi nyama itakufa, na mguu tutaukata.”

“Nipe neno la mwisho, daktari. Mguu utapona?”

“Siuzi nisichonacho.”

Daktari akachukua mkasi, akakata nyuzi tatu za mshono. Damu nyeusi ikachuruzika hadi kwenye shuka. Jasho lilimning’inia puani asilifute. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Taratibu damu ikawa nyekundu.

Nesi akachungulia mlangoni. “Daktari, wodi ya pili wanakungoja.”

Daktari akavuta kiti, akaketi, kidole kikiwa palepale juu ya nyama.

“Wangoje.”