Kitenzi cha Baba

Nilipoachishwa kazi ya ukarani kwenye bohari la vipuri Kolwezi, miguu yangu ilikataa kutulia. Nilitaka kuondoka, popote. Muuguzi mmoja Mkorea, mama wa makamo aliyehudumu kwenye zahanati ya parokia, alikuwa akitufundisha Kikorea kila Jumamosi, nami nikajiunga.

Sheria ya vitenzi vya lugha hiyo niliipenda upesi. Kitenzi kinaishia na *da*; unaikata, unatazama vokali ya mwisho iliyobaki. Ikiwa *a* au *o*, unaongeza *ayo*. Ikiwa nyingine, *eoyo*. *Meokda*, kula, inakuwa *meogeoyo*. *Gada*, kwenda, *a* zake mbili zinamezana: *gayo*. *Hada*, kufanya, ni kaidi, inasema *haeyo*. Hiyo *yo* ya mwisho ndiyo adabu.

Nilizunguka uani nikirudia: gayo, gayo. Baba, mstaafu wa mgodi, alikuwa amekaa kwenye kiti chake akinitazama.

"Mutoto, kaa chini basi. Ile gayo ni nini?"

"Ni 'naenda', tata."

"Kila siku unaenda tu. Na 'niko', banasema namna gani?"

"Ile bado siyasoma."

Alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Nilichomwa. Jumamosi nilimuuliza mwalimu kabla hata hajafuta ubao.

"Wewe mwenyewe, *isseoyo*," alisema. "Lakini kwa baba yako, hapana. Mzee ana kitenzi chake. Baba yuko: *gyeseyo*."

Nilirudi nyumbani nusu nikikimbia, nikamweleza baba. Akavua miwani.

"Mi niko na verbe yangu? Huko kwabo?"

"Ndiyo, tata. Ya wazee."

Akaijaribu mara kadhaa, ulimi ukiteleza, kisha akamwita mama aje asikie.

Mtihani wa Kikorea niliufaulu, nafasi ya masomo huko Korea ikapatikana. Asubuhi ya safari baba alinisindikiza hadi kituoni, akanishika mkono muda mrefu. Karibu na mji wa Tenke basi likakwama nyuma ya malori ya shaba. Abiria wengine walisinzia. Mimi nilishuka, nikatembea kando ya barabara kwenye vumbi jekundu, mbele na nyuma, nikitaka malori yasogee, na nikiogopa yasije yakasogea.