Sweta la Lushoto

Sweta la mama bado limo kabatini, la kijani, na halijawahi kuvaliwa nje ya nyumba hii. Nani Unguja atavaa sweta? Tulilinunua Darajani, kwenye mitumba, mwezi uleule ambao daktari wa macho aliniita pembeni. Aliniambia presha ya macho imekwishaua jicho moja na la pili linafuata. Dawa zitachelewesha, hazitarudisha. "Kama kuna kitu anataka kukiona," alisema, "asingoje."

Nilimwuliza mama, nikidhani atasema Makka.

"Makka nshakwenda, alhamdulillahi," alijibu. "Nnataka kuuona mlima."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mama alishona kofia tangu ujana wake, hizi kofia za mkono zenye vitundu, kila kitundu kinazungushiwa uzi, na kwa kofia hizo mimi nilisomeshwa mpaka nikawa mwalimu. "Miaka yote nnatazama tundu la sindano," alisema. "Sasa nipe kitu kikubwa, mwanangu, kiwe mbali, nikitazame mpaka nichoke." Kisiwa chetu hakina mlima. Tuna miinuko ambayo tunaiita vilima kwa adabu tu.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, safari ilikuwa iwe wakati wa likizo ya kipupwe au isiwe kabisa. Tulipanga boti mpaka Dar, basi mpaka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, siku nne huko kisha turudi. Jirani yetu mmoja aliyewahi kufundisha kule alituambia kuna mahali unasimama ukingoni mwa jabali, nyuma yako msitu, na nchi tambarare yote iko chini ya miguu yako mpaka macho yanashindwa. Mama alimfanya aeleze mara tatu. Alilijaribu sweta mbele ya kioo, juu ya gauni lake la dira, jasho likimtiririka, huku akijicheka mwenyewe. Tangu baba afariki sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile.

"Twende zetu kimya kimya," aliniambia. "Tukirudi ndo watajua."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi, si mtu mwingine. Kwetu mtu hasafiri bila kuaga wakubwa. Ukiondoka kimya na jambo likakufika, watasema ulitoka bila radhi. Nilikuwa mtu wa adabu na nikijivunia adabu yangu. Nikamchukua mama mpaka Matemwe kwa mjomba, mdogo wake huyo, ambaye mama mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni.

"Shikamoo, mjomba. Tumekuja kukuaga. Tunakwenda Lushoto."

"Marahaba. Kuna nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Msiba?"

"Hapana, mjomba. Mama anataka kuiona milima."

Alimgeukia mama. "Dada, mtu mzima wewe, unamwacha mwanangu na harusi yake unakwenda kutazama majabali?"

Harusi ilikuwa wiki tatu mbele. Tungerudi na siku zikabaki. Nilimwambia. Nilimweleza na habari ya macho. Akasema macho yako mikononi mwa Mungu, na hilo nani atalijibu? Akasema baridi ya bara inaua wazee, bi harusi hawezi kukosa shangazi yake, twende baadaye, mlima haukimbii. Nikamgeukia mama. Alikuwa ananitazama mimi, akingoja.

Nikasema, "Sawa, mjomba."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nililisikia la mkuu, tena kwa kichwa chini na mikono mapajani, na guu lililovunjika halikuwa langu. Methali haikuniambia hayo.

Harusi iliahirishwa mara mbili, upande wa bwana harusi kulikuwa na mambo yao. Shule zikafunguliwa. Ilipofanyika, mama ndiye aliyemsinga bi harusi mwili kwa liwa ya kunukia, akasifiwa sana, na mimi nikakaa ukumbini na meno nje kama wengine. Vuli ikapita. Wakati wa masika mama alianza kunipa sindano nimtungie uzi. Kisha siku moja aliiweka kofia ndani ya kapu ikiwa nusu, wala hakuomba sindano tena. Mjomba alikuja kumpa pole. Alisema ni mitihani ya Mola, akakaa, akala wali wetu sahani mbili. Namchukia kwa wali ule. Najua si haki, maana aliyefungua kinywa akasema "sawa" ni mimi, lakini namchukia.

Kipupwe kiliporudi na likizo ikaingia, nililitoa sweta nikamwekea mapajani.

"Mama, twende. Nitakushika mkono. Na safari hii simuagi mtu."

Alilipapasa, akakitafuta kifungo cha juu, akakifunga na kukifungua.

"Kamuage tu mjomba'ko," alisema. "Mara hii hatotuzuia, kwani nnakwenda kutazama nini?"

Nikalikunja, nikalirudisha kabatini.