Kofia ya Muuza Trela

"Mzee Delbert, trela hili linavuja!"

"Wewe mke wangu, hata jangwani utaona uvujaji!"

Nilichoka naye. Akiba yetu yote ya uzeeni ilikuwa inakwenda kwenye nyumba hii kuukuu ya kukokotwa na pikapu, naye amezubaa akifungua makabati ya jiko. Nje mvua ilinyesha. Muuzaji aligongagonga ukuta kwa pete yake, akasema kwa sauti laini kama samli: "Humu hata chumvi haigandi, mama." Hapa Texas mwanamume huvua kofia akiingia ndani. Huyu hakuivua, wala hakubanduka chini ya kidirisha cha paa. Ukingo wa kofia ulijaa maji ya kufugia kambare.

"Hebu sogea nione dari."

"Mgongo unauma, mama."

Mlango ukafunguka, mke wa muuzaji akaingia. "Haya, mume wangu, sogea. Ndoo nimeipata."

Delbert akafunga kabati polepole.