Shimo la Mtu Mmoja

Asubuhi ile tulikuwa tunachambua maharage, mimi na Osmundi, askari wawili wa Ruvuma katika kikosi cha kulinda amani nchi ya jirani. Yeye Mnyasa wa Liuli, ziwani, mimi Mmatengo wa Mbuji. Handaki nilikuwa nimelichimba mimi, kwa namna tunavyolima ngoro kwetu milimani: unalaza majani, unayafunika udongo, katikati panabaki shimo. Osmundi alicheka hadi akakohoa.

"Sasa hapo unapanda mahindi au unajificha?"

"Wewe kula samaki wako. Jembe utalijulia wapi?"

Shimo lilinitosha mimi peke yangu. Nilimwambia nitalipanua kesho. Kikosi kizima kilimpenda Osmundi, nami nilitaka walau jambo moja aniombe mimi.

Milio ya mabomu ilianza kabla maharage hayajaiva.

Niliruka shimoni.

Osmundi akaja nyuma yangu. Kichwa kikaingia, na kifua. Miguu haikuingia.

Ningeweza kukunja magoti. Sikukunja.

Alirudi kwao na mguu mmoja. Mimi nilirudi mzima, watu wa Mbuji wakamshukuru Mungu. Nikawa mtu wa kufoka sufuria ikianguka. Binti yangu Neema akajifunza kufunga mlango polepole. Mke wangu, Skolastika, ndiye aliyenipeleka Mbinga mjini kwa mama mmoja mshauri, anayekaa na askari pamoja na familia zao. Kila Alhamisi tulikaa duara kwenye viti vya plastiki. Osmundi naye alikuja kwa basi, na magongo yake, na kifurushi cha usipa, dagaa wa ziwani kwao, zawadi ya "shemeji", mke wangu.

Loo, usipa ule ulinikera! Mimi nilikaa kimya kikao hadi kikao. Yeye alisema, akalia mbele za watu, akawachekesha, na mke wangu akamsogezea kiti. Nilimwonea wivu mdomo wake. Nilimwonea wivu hata ule mguu usiokuwepo, maana kila aliyemwona alijua la kumwambia. Mimi waliniambia nimenenepa.

Alhamisi moja nikawakuta wamesimama kando ya ukuta, Skolastika anafuta machozi, mkono wa Osmundi uko begani kwake. Nyumbani sikula. Kesho yake shambani, mimi nikilaza majani, mke wangu akiyafunika udongo, nikamuuliza.

"Una nini na Osmundi?"

Alisimamisha jembe. "Baba Neema, unanitukana?"

"Nijibu."

"Nakutafuta wewe kwake! Miaka mitatu unaishi nami kama mpangaji. Yeye ndiye anayenisimulia mume wangu. Amenieleza ulivyomvuta shimoni. Ulivyomlalia ili umkinge."

Alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu tuoane.

Masikio yaliniwaka. Osmundi alikuwa amempa mke wangu mwanamume mwingine mwenye jina langu, naye alikuwa amempenda. Huyo ndiye niliyemwonea wivu kuliko wote. Angeweza kukaa nyumbani mwangu hadi uzee, mradi mimi nifunge mdomo.

Nilikaa chini, juu ya majani.

"Sikumvuta," nikasema. "Nilichimba shimo la mtu mmoja. Nilinyoosha miguu yangu, yake ikabaki nje. Anajua. Alinitazama."

Hakulia. Alitazama lile shimo la ngoro lililokuwa kati yetu.

"Na mimi ndio kwanza nilikuwa nimeanza kukupenda tena," akasema, akaendelea kufunika udongo.

Bado tuko pamoja. Alhamisi tunakwenda wote, na siku hizi nasema. Osmundi bado analeta usipa, nami ndiye ninayemsogezea kiti. Neema anaanza kufunga mlango kama watoto wengine. Lakini yale macho ya siku ile shambani sijayaona tena. Yalidumu kwa maneno mawili matatu tu, na hayakuwa yangu; yalikuwa ya yule mwanamume aliyesimuliwa na Osmundi. Bado namwonea wivu.