Gasketi Niliinunua Mimi

Mwizi ni mimi, si fundi. Naandika hivyo mwanzo kabisa msije mkaanza kunionea huruma huko mbele kwa sababu nina mtoto mchanga.

Baba alipofariki aliniachia gari, sedani ya zamani iliyonizidi umri. Injini ilikuwa imechoka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani, kule Kariakoo, ambaye amelihudumia gari hilo tangu baba akiwa kijana. Akaishusha injini yote, akachonga silinda, akaweka pistoni kubwa zaidi na kabureta mbili. Wiki sita! Ikawa na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Ikabaki gasketi ya silinda hedi, lile bamba jembamba la kuziba kati ya bloku ya injini na hedi inayoifunika. Akaniambia, "Mwanangu, hii sasa ina presha kubwa. Kanunue kwa yule Mwarabu wa mtaa wa pili, kwake tu. Feki itaungua."

Kwake tu! Nikajua hapo kuna cha juu, wanagawana. Mimi nimemaliza form four, nichezewe na mzee mwenye ovaroli iliyokakamaa oili? Nikaingia duka jingine hapo Kariakoo, nikauziwa gasketi ndani ya boksi linalong'aa, stika za kumetameta, limeandikwa "orijino" sehemu tatu. Nikatoka nimevimba kichwa, najiona mjanja wa mjini. Mjanja! Puuh!

Mzee akaipokea, akaipima kwa vidole.

"Hii umeitoa kwa Mwarabu?"

"Ndiyo."

"Mbona nyepesi?"

"Mzee, usianze. Unataka nikuletee na Mwarabu mwenyewe?"

Mafundi wenzake wakacheka. Yeye akasema, "Haya, mwanangu. Umesema wewe." Akaifunga.

Siku ya nne, foleni ya kivuko Magogoni, niko na mama na mwanangu, moshi mweupe huo! Kuja kufungua, maji yameingia kwenye oili, imekuwa kama chai ya maziwa. Gasketi imeungua, hedi imepinda, bloku ina ufa.

Nilijua palepale. Kabla boneti haijafunguliwa nilijua. Ndiyo maana nilipiga kelele kiasi kile!

Nikambeba mtoto kiunoni mpaka gereji. "Mwizi mkubwa wewe! Umechukua gasketi yangu, umeniwekea feki! Ungeniulia mtoto!" Watu wakajaa. Fundi mmoja akamwambia, "Mzee, jibu basi!"

Akaweka spana chini. "Huyu ni mtoto wa marehemu rafiki yangu," akasema. "Nimjibu nini?"

Ningeweza kuishia hapo. Wapi! Nikarekodi sauti, nikamtaja jina, nikaitupa kwenye grupu la mtaa. Na ninyi mlioisambaza mkiweka vicheko, bila hata mmoja kuuliza gasketi ilinunuliwa wapi, ni wapumbavu kama mimi.

Wateja wakaja kuchukua magari yao. Mengine yaliburutwa kwa kamba, injini zimefunguliwa nusu. Haikupita miezi miwili, banda lake likawa la mtu mwingine.

Juzi nilikuwa Upanga, nimempeleka mtoto kliniki. Kwenye geti la ghorofa moja nikamwona. Amevaa sare ya mlinzi, anawafungulia watu geti magari yapite. Mzee aliyekuwa akisikia valvu mbovu gari likiwa ng'ambo ya barabara!

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ooh, mtoto kakua! Na gari la baba, linaendaje?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo nikaufungua kabisa.

"Linaenda vizuri," nikasema.

Akatabasamu, uso wote. "Afadhali. Nilikuwa nalifikiria."

Vizuri! Gari liko juu ya matofali, paka wamezalia siti ya nyuma. Na hakuna fundi mwingine anayekubali kuigusa injini ile.

Ninyi mnaojiona wajanja, mnaoingia gereji mmeshaamua kuwa kila fundi ni mwizi, nisikilizeni. Ukibadilisha kitu, sema umebadilisha. Ukimsingizia mtu, rudi siku hiyohiyo, mbele ya watu walewale, kabla hajanyang'anywa kazi ya mikono yake. Ukichelewa utakuwa kama mimi, mama mzima nimeshindwa kusema sentensi moja getini, nimekuja kujificha gazetini.

Jina langu sijaliweka hapa, naona aibu. Lake nililitangaza mtaa mzima.