Nilipoyasogeza Matumbawe ya Mume Wangu

Mimi ni mtu wa mjini Malindi, na kwetu sebule ya kupokelea wageni wa heshima haiachwi na pengo. Mkeka hadi ukutani, mito bega kwa bega, sinia lijae mpaka limwagike. Mume wangu ni mtoto wa wakulima wa Adu. Kwake yeye kila kilicho hai hupewa nafasi yake, kama mahindi shambani. Tumeishi Watamu miaka ishirini na nane tukibishana juu ya hilo, na mara nyingi nimeshinda mimi, kwa kuwa sauti yangu ndiyo kubwa.

Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watalii baharini na kuwaonyesha matumbawe. Kisha akapigwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalegea, na daktari akamkataza kabisa kuingia majini. Alikaa miezi hasemi. Ndipo mwanetu anayefanya kazi Mombasa akamletea tangi la kioo, pampu, taa, na vipande vichache vya matumbawe kutoka kwa mfugaji mwenye kibali. Mimi nilichukia. Niliyaita mawe yanayokula stima. Lakini mume wangu alianza tena kuzungumza, kwanza na mawe yake, halafu na sisi, basi nikafunga mdomo.

Alilolipenda zaidi lilikuwa la zambarau, lenye matawi kama pembe za paa. Lilikuja likiwa dogo kama ncha ya kidole, naye akalilea miaka miwili hadi likawa na matawi saba. Jirani yake lilikuwa la kijani, limejaa vijinyota mwili mzima. Baina yao palikuwa na mchanga mtupu wa shubiri mbili. Ule mchanga ulinikera kila nilipopita.

Jumamosi moja ikaja posa ya binti yetu, kutoka kwa watu wanaojulikana Kilifi nzima. Mume wangu alipojinyoosha baada ya adhuhuri, nikapanga sebule. Kiti chake nikakisogeza pembeni, ili mkono mgonjwa uelekee ukutani. Halafu nikapandisha mkono wa dera, nikauingiza tangini, nikayaleta mawe yote mbele, yakabanana kama wageni wa arusi. Likawa bustani. Wageni walisifu mno. Mume wangu, aliyeketi tangi likiwa nyuma yake, aliitikia tu asijue kinachosifiwa. Posa ikakubaliwa, nami nikalala nikijipongeza.

Alfajiri niliamka kuswali. Nilipopita sebuleni na tochi ya simu, nikasimama. La kijani lilikuwa limetoa minyiri myembamba kama uzi wa kushonea, mirefu kuliko kidole changu, kila mmoja na ncha nyeupe. Ilikuwa ikipepea na maji, ikienda na kurudi, na kila ikirudi ilimgusa jirani. Subhanallah! Kiumbe hakina macho, hakina mguu, hata kichwa hakina, lakini kilijua kwamba aliye karibu si wa kwao. Nilidhani kinampapasa, kinamjulia hali. Sitasema uongo, sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile ndani ya nyumba yangu. Nilitazama hadi nikakaribia kuichelewa swala.

Kulipopambazuka, upande mmoja wa pembe zile ulikuwa mweupe kama mfupa, na ngozi ya zambarau ikibanduka vipande vipande.

Nilimkuta mume wangu mbele ya tangi, ameshika ukingo kwa mkono wa kushoto. Nikasema kabla hajaniuliza. "Ni mimi, baba. Niliyasogeza ili tangi lijae." Halafu hasira zikanipanda, kama kawaida yangu ninapokuwa na kosa. "Na hili la kijani nalitupa leo hii, shetani mkubwa!"

"Usilitupe, mama. Halina kosa. Limeletewa mtu mlangoni, lingefanyaje? Fahali wawili hawakai zizi moja."

Akaanza kunieleza, na uso wake ukachangamka kama zamani alipokuwa akirudi kutoka baharini. Kila tumbawe lina silaha yake, alisema. Moja hutoa nyuzi hizi zinazochoma. Jingine humtapikia jirani utumbo wake na kumla palepale nje. Jingine, pole pole, humkulia kwa juu likamnyima jua. Lakini mawili ya aina moja hugusana na yasidhuriane. Nilisikiliza mdomo wazi. Miaka yote hiyo nilimfulia nguo zenye chumvi, na sikuwahi kumuuliza huko chini aliona nini.

Kisha akanitazama. "Na kiti changu ulikisogeza kwa nini?"

Mimi, mwenye sauti kubwa, niliishusha sauti. Nikamwambia kweli. "Niliona haya."

"Ya mkono huu?"

"Ndiyo. Nisamehe, baba."

Alifungua droo, akanipa koleo. "Mimi siwezi kukata. Kata wewe zile ncha zilizo hai, juu kidogo ya pale palipokufa, tuzipande upya."

Nilikata ncha tatu huku machozi yakinidondoka majini, naye akiniongoza kwa upole, kidogo kushoto, hapo, bana. Tukazibandika kwa gundi juu ya vijiwe, tukaviweka mbali mbali. Moja ilikufa. Mbili zikashika, na baada ya majuma kadhaa zikaanza kuchipua. Kuhusu ule msamaha hakusema neno, na mimi niliogopa kuuliza tena.

Siku ya kuletewa mahari, binti yetu alikunja mikeka iliyozidi na mimi nikabaki nimeshikilia kiti cha baba yake. Nikamuuliza mume wangu nikiweke wapi. Akanionyesha katikati ya sebule, pasipo na kitu kulia wala kushoto. Nikakiweka. Mkwe alipoingia, mume wangu aliuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akampa, na wote wakaona. Halafu akanigeukia mimi, akaniambia niketi karibu naye.