Ng'ombe wa Sisimizi

Mwaka ule nilikuwa na hasira tangu naamka mpaka nalala, na sababu zilikuwepo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa Mbulumbulu na mtu aliyekuwa anahudumia wageni kwenye loji kule juu, ukingoni mwa kreta. Wiki mbili baada ya harusi akarudi lojini kwake. Niliolewa na mtu, nikakabidhiwa kwa mama yake. Yeye akawa anashuka mwisho wa mwezi, ananiachia sabuni na mimba, anapanda tena.

Binti yetu alipoanza kusimama dede nilimwambia mama mkwe waziwazi: nipe kipande changu, nimechoka kupalilia cha wengine. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akanipa kile cha juu kabisa, kinachopakana na msitu wa Ngorongoro, ambako ukungu unakaa mpaka saa nne na nyati hupita wakijisikia.

"Msimu mmoja," akasema. "Kikikushinda, shemeji yako anakilima ngano."

Shemeji alikuwa ameshazungumza na mwenye trekta. Akawa ananisalimia kwa upole wa mtu anayesubiri.

Nikapanda ngwara, yale maharage ya kutambaa. Zikatambaa kwenye fito, zikachanua zambarau shamba zima, na vipepeo wadogo wa bluu wakaja. Wakikunja mbawa hawazidi ukucha wa kidole gumba. Binti yangu akawa anawafuata kwa magoti, anaanguka, anacheka, anainuka na ganda bichi la ngwara mdomoni. Mimi nasimama na jembe langu najisifu kwamba hata shamba langu lina mapambo.

Mapambo! Hazikupita wiki nyingi, maganda yakaanza kuwa na matundu. Nilipasua moja: ndani kuna kiwavi wa kijani, mnene, kalala kwenye kinyesi chake mwenyewe, na punje imebaki ngozi tupu.

"Ng'oa, wape ng'ombe," akasema mama mkwe.

Bwana shamba alipita na baiskeli yake, akatikisa kichwa kama daktari.

"Hii ni kupiga dawa tu, mama. Zamu yenu ya bomba la dawa ni baada ya wiki sita."

"Na mtoto wangu anayatafuna haya maganda kutwa nzima?"

"Mfunge mgongoni."

"Wewe una watoto?"

"Watano."

"Wanakujua sura?"

Mama mkwe akageuka akakohoa. Baadaye nilijua kikohozi kile kilikuwa kicheko. Lakini uamuzi wake ulibaki palepale: wiki sita, kisha dawa au kung'oa, na nikikataa yote mawili, ngano.

Sikukubali. Nilichukua chupa ya jamu iliyotoka jikoni lojini, nikatia viwavi wanne na maua ya ngwara, nikafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa. Wakala, wakanenepa, wakajificha chini ya majani makavu, wakajikaza kuwa vifuko vya kahawia visivyosogea. Wawili wakaoza. Asubuhi moja ya baridi nikakuta kitu kimening'inia kwenye kitambaa, mbawa zimekunjamana kama khanga iliyokamuliwa. Zikanyooka polepole, na ndani yake mkawa na bluu ile ile niliyokuwa najisifia.

Nilimtukana, yule kipepeo. Halafu nikakaa chini nikamtazama vizuri, maana alikuwa mzuri hasa. Chini ya mbawa ni kahawia yenye mistari myeupe ya mawimbi. Kwa nyuma ana vidoa viwili vyeusi kama macho na kimkia chembamba kama unywele, anakitikisa ndege adhani kichwa kiko huko. Shambani niliwahi kuona mmoja ameshadonolewa upande wa nyuma na bado anaruka zake. Jike hana bluu nyingi, amezidi ukahawia. Nikawa namfuata yeye. Anatua kwenye tumba la ua, anakunja tumbo, anaacha yai moja jeupe, dogo kuliko punje ya chumvi, anahamia lingine. Basi kila asubuhi nikawa nachuma matumba yenye mayai, na ile hasira yangu nikajikuta nimeisahau nyumbani.

Walibaki sisimizi. Kila ganda lenye tundu lilikuwa na sisimizi, na watu wote walisema ndio wanaoleta viwavi. Nikalala kifudifudi niwafumanie. Sisimizi mmoja akapanda mgongoni kwa kiwavi, akampapasa kwa pembe zake. Mgongoni kikatoka kitone. Akakinywa. Akaja mwingine. Nikapiga kelele mpaka mama mkwe akaja mbio na fimbo, akidhani nyoka.

"Mama, lala hapa uone."

"Nilale? Na umri huu?"

Akalala. Akanong'ona kitu kwa Kiiraqw, kisha akasema, "Wanakamua."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu mwembamba anayezungukazunguka?"

"Nyigu. Anataka kutaga ndani ya kiwavi, watoto wake wamle. Sisimizi wanamfukuza."

"Mwizi wa mifugo!" Akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Nikaenda kuleta ndoo ya majivu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: zungushia mashina majivu, sisimizi wasipande, nyigu afanye kazi yake. Mama mkwe akanishika mkono.

"Unawanyang'anya watu ng'ombe wao?"

"Mama, ng'ombe hao wanakula ngwara zangu!"

"Ng'ombe gani hali shamba la mtu? Watengee malisho."

Tuligombana pale kwa dakika nyingi, mimi nikitoa mstari mmoja wa ngwara, yeye akidai mitatu, kama wazee wanaogawana nyanda. Akapata mmoja, ule wa upande wa msituni. Mingine yote nikaitia majivu na kuendelea kuchuma matumba. Kila asubuhi, kabla hata hajakamua ng'ombe zake, alipanda kwenda kuwaangalia wale wa sisimizi.

Siku ya bomba ilipofika, maganda mapya karibu yote yalikuwa mazima, yamejaa. Bwana shamba akaja, na shemeji nyuma yake na habari za trekta. Mama mkwe akawasubiri kule upande wa msituni.

"Bomba liweke chini," akamwambia bwana shamba. "Halafu lala hapo kwenye mstari wa mwisho."

"Nilale, bibi?"

"Mimi nililala."

Akalala na sare yake. Shemeji akakohoa. "Mama, yule wa trekta anauliza lini."

"Mwambie alime kwako. Hapa juu kuna mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Muulize huyo, mwenye hasira."

Shemeji akanigeukia. Nilikuwa nacheka, na bwana shamba bado yuko chini, anatuomba tusogee kidogo, tunamzibia mwanga.